Waya wa King'ora

Kila siku saa tisa alasiri, kengele ya shule ilipolia, wenzangu walikimbilia mtoni kuoga. Mimi nilishika barabara ya vumbi hadi gereji ya Mzee Jagdish. Nilivua viatu vya shule, nikanywa chai yake ya tangawizi na kipande cha roti, kisha nikaingia chini ya gari.

Naitwa Unaisi. Wakati huo nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nikisoma darasa la nane, na bonde zima lilijua kwamba vidole vyangu vinaelewana na nyaya. Watoto wa Mzee Jagdish walikuwa wameshahamia ng'ambo, wala hakuna aliyependa kupaka mikono grisi, kwa hiyo alinifundisha mimi. "Nyaya hazitaki nguvu," alizoea kuniambia. "Zinataka utulivu."

Utulivu nilikuwa nao, mpaka Sakiusa aliponinyang'anya.

Sakiusa alikuwa wa Korosuva, kijiji cha ng'ambo ya mto, na sisi wa Nabulevu ni watani wao tangu enzi za mababu. Mtani anaweza kuingia jikoni kwako, akala gimbi lako na kukuita mbwa, nawe unatakiwa ucheke. Ukinuna, umejiaibisha wewe na ukoo wako. Muhula ule nilitengeneza ubao wa maonyesho ya sayansi, wenye swichi tatu na taa tatu, kuonyesha jinsi umeme wa gari unavyopita. Kazi ya wiki sita. Asubuhi ya maonyesho nilifunua kitambaa mbele ya darasa, na mahali pa taa zangu palikuwa pananing'inia vichwa vitatu vya samaki.

"Mtani!" Sakiusa alipaza sauti. "Washa basi tuone! Au betri yake ni wali?"

Darasa lilivunjika mbavu. Hata mwalimu alijifuta machozi ya kicheko. Taa zangu zilikuwa zimefungwa kwenye baiskeli ya Sakiusa, na mbili zilikuwa zimekwisha kuungua. Gari la kwenda maonyesho mjini Sigatoka liliondoka bila mimi. Nikacheka, maana ndiyo sheria. Lakini moyoni niliapa kwamba nitamlipa, na kwamba siku hiyo kijiji kizima kitakuwepo kutazama.

Siku hiyo ililetwa na giaboksi.

Baba yake Sakiusa, Bwana Ilaitia, alikuwa na gari kuukuu la kupanda milima, la pekee lililoweza kututoa bondeni wakati wa mvua. Lilibeba mihogo kwenda sokoni, wagonjwa kwenda zahanati, na sisi wanafunzi. Giaboksi yake ilikufa, akaleta nyingine iliyotolewa kwenye gari jipya zaidi. Mzee Jagdish aliifunga kwa siku nne. Nyaya aliniachia mimi.

Haikuwa kazi ndogo. Giaboksi ya zamani ilikuwa na swichi ya waya mmoja, mpya ilikuja na swichi za nyaya mbili mbili: moja ya kuwasha taa ya kurudi nyuma na king'ora, nyingine ya kuonyesha kwamba magurudumu yote manne yanavuta. Pedali ya klachi nayo ilipata swichi yake, gari lisiwake mpaka ikanyagwe. Nilishika taa ya kupimia, nikafuata waya mmoja mmoja, nikafunga kila kitu mahali pake. Mzee Jagdish alikagua, akanung'unika tu. Kwake yeye, kunung'unika ni sifa.

Gia pia zilikuwa zimebadilika mahali. Kwenye giaboksi ya zamani, ukisukuma mkono wa gia kushoto juu, gari lilirudi nyuma. Kwenye mpya, hapo hapo kushoto juu ndipo palipo gia ya kwanza, na kurudi nyuma kumehamia kulia chini. Ndiyo maana Mzee alifungua kile kirungu cha mkono wa gia chenye mchoro wa zamani, akakitupa kwenye kopo, akafunga kipya.

"Jumamosi tutalitoa mbele ya watu," alisema Bwana Ilaitia. "Mchungaji ataomba, na mwanangu atalirudisha nyuma kutoka kwenye banda la gereji. Analijua hili gari tangu miguu yake haifiki kwenye pedali."

"Bado ni mtoto," Mzee Jagdish alisema.

"Ni hatua kumi tu, Mzee! Mbele kuna rundo la matairi, nyuma kuna uwanja mtupu. Ataumiza nani?"

Sakiusa alinikonyeza. "Mtani, wewe kaa pembeni upige makofi. Mikono yako si inajua kazi hiyo pia?"

Niliangalia lile kopo.

Jumamosi asubuhi, watu wakiwa bado wanatandika mikeka kando ya uwanja, niliingia bandani peke yangu. Nilirudisha kirungu cha zamani. Kisha nikauhamisha waya wa king'ora kutoka kwenye swichi ya giaboksi, nikaufunga kwenye swichi ya klachi. Sasa mtu akikanyaga klachi tu, king'ora kingelia kama kwamba yuko kwenye gia ya kurudi nyuma. Kirungu kingemdanganya macho na king'ora kingemdanganya masikio. Gari lingeruka mbele, lingegonga matairi, na Sakiusa angeshuka na uso wa kichwa cha samaki. Nilijiambia kwamba huu ni utani, sawa na wa kwake. Nilikuwa na furaha.

Mchungaji aliomba. Watu waliimba. Sakiusa aliketi nyuma ya usukani akiwa amevaa shati jeupe la kanisani, akawapungia watu kama waziri. Akakanyaga klachi, akawasha. King'ora kikalia vizuri, watu wakapiga makofi. Akasukuma mkono wa gia kushoto juu.

Na Mzee Jagdish, ambaye hakuwahi kuacha spana sakafuni katika maisha yake, akaona boksi lake la vifaa limesahaulika kati ya gari na rundo la matairi, akainama kulichukua.

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo. Gari likaruka kabla sauti haijatoka.

Matairi yalimwokoa, maana yalibonyea. Lakini mguu wake wa kulia ulibanwa kwenye boksi la chuma, ukavunjika chini ya goti. Walimpakia kwenye gari la mwalimu, uso wake umekuwa wa rangi ya majivu, na uwanja mzima ukawafuata mbio, hata Sakiusa. Banda lilibaki tupu. Hapo ndipo nilipofanya jambo la pili, baya kuliko la kwanza: nilirudisha kirungu kipya na waya mahali pake, nikajipangusa mikono.

"King'ora kililia!" Sakiusa alikuwa akipiga kelele waliporudi bandani. "Wote mlikisikia! Na kirungu kilionyesha kurudi nyuma, baba, nilikiona!"

Bwana Ilaitia alipanda, akatazama kirungu. Akaingiza gia ya kwanza, kimya. Akaingiza ya kurudi nyuma, king'ora kikalia. Akashuka taratibu.

"Kililia kwa sababu uliigusa ya kurudi nyuma, kisha ukaingiza ya kwanza na kumvunja mzee mguu kwa majivuno yako," alisema. "Usiongeze uongo juu yake."

"Lakini baba..."

"Nyamaza! Mwongo mkubwa wee!"

Wiki iliyofuata nililala vizuri, nisiwafiche. Shuleni walimbatiza Sakiusa jina la Gia ya Kwanza. Alipopita walifanya midomo yao ilie kama king'ora, na yeye aliinamisha kichwa. Nilichotaka ndicho hicho, kichwa chake kiiname. Siku ya Jumatano alinifuata kwenye bomba la maji.

"Unaisi," alisema. Hakuniita mtani. "Wewe ndiye uliyefunga zile nyaya. Niambie tu, inawezekana king'ora kulia gari likiwa kwenye gia ya kwanza? Hata kama kosa ni langu, nataka kujua kama nina akili timamu."

"Labda hukusikia king'ora," nilimjibu. "Labda ulisikia vichwa vya samaki."

Akaniangalia, akaondoka. Nikajaza ndoo yangu mpaka ikafurika.

Jumamosi nyingine ukoo wa Sakiusa ulikuja kuomba radhi. Kwetu, aliyekosa haendi mikono mitupu. Wakubwa wake huja na fungu la mizizi ya yaqona, ile ya kutengenezea kinywaji cha heshima, hukaa chini na kuinamisha vichwa. Aliyekosewa akiligusa fungu lile, jambo limekwisha. Hakuna atakayelitaja tena, wala kulichimbua, mpaka kufa. Mzee Jagdish ni wa asili ya Kihindi, lakini alizaliwa bondeni humu na alizijua mila kuliko baadhi yetu. Alikaa barazani kwake, mguu wenye plasta umewekwa juu ya stuli. Mimi na Mama tulikaa kando, maana nilikuwa mwanafunzi wake.

Bwana Ilaitia ni mtu mrefu, na sauti yake husikika toka mlima hadi mlima. Siku ile alitambaa kwa magoti juu ya mkeka, akalitua fungu la mizizi mbele ya Mzee.

"Mzee wetu," alisema, na sauti yenyewe ilikuwa imekatika. "Nimelea mtoto mwenye majivuno, tena mwongo. Aibu hii ni yangu. Tunaomba utusamehe."

Nyuma yake Sakiusa alikuwa amekunjamana, paji la uso likigusa mkeka. Mabega yake yalitikisika. Hiyo ndiyo picha niliyokuwa nimeiota tangu siku ya ubao, na ilikuwa bora kuliko nilivyoiota. Nilingoja utamu wake. Badala yake nilimwona mtu mzima akitambaa kwa kosa ambalo mwanawe hakulitenda.

Mzee Jagdish akanyoosha mkono. Nilijua maana yake. Akigusa tu, nimepona. Hakuna atakayeuliza tena juu ya waya wala kirungu, na Sakiusa atakuwa mwongo maisha yake yote.

"Usiguse!"

Sauti ilikuwa yangu. Mama alinishika mkono, "Unaisi, una wazimu?", nikajinasua nikasimama katikati ya wazee.

"Sakiusa hakusema uongo. King'ora kilimdanganya kweli. Mimi nilibadilisha kirungu, na waya nikauhamisha. Halafu mlipoondoka nikavirudisha."

Mzee Jagdish hakunikaripia. Aliuliza swali la fundi.

"Waya uliupeleka wapi?"

"Kwenye swichi ya klachi."

Akafikiri. Akatikisa kichwa polepole. "Kazi safi," alisema kwa uchungu. "Mungu wangu, kazi safi kabisa."

Bwana Ilaitia aligeuka pale pale mkekani, akamwinua mwanawe mabega. "Nilikuita mwongo mbele ya watu," alimwambia. "Mbele ya watu hawa hawa nakuomba unisamehe." Sakiusa alilia kifuani kwa baba yake. Sijawahi kuona aibu kama niliyoiona siku ile, na yote ilikuwa yangu.

Mama alinikokota nyumbani. Mchana tulirudi na babu yangu na mafungu mawili ya mizizi, moja la Mzee Jagdish, moja la ukoo wa Sakiusa. Safari hii mimi ndiye niliyetambaa. Mkeka ni mrefu sana ukiutambaa.

"Ulikuwa ni utani, Mzee," nilijaribu kusema. "Kama yeye alivyonitania..."

"Hapana," babu alinikata. "Utani hufanywa macho kwa macho, na wote wawili hucheka. Ulichokifanya peke yako bandani, ukakificha, hicho ni kisasi. Usikivishe nguo ya mila zetu."

Sakiusa alikohoa. "Na ubao wake, babu," alisema, akitazama chini. "Siku ile alicheka, lakini niliona midomo yake inatetemeka. Nilijua nimepitiliza. Nikajifanya sikuona, kwa sababu wote walikuwa wananishangilia."

Bwana Ilaitia aligusa fungu lao. Mzee Jagdish alilishika lake mkononi muda mrefu kabla hajaliweka pajani.

"Nimesamehe," alisema. "Na mimi nina langu. Nilijua mtoto hapaswi kushika usukani, nikanyamaza ili nisiharibu sherehe. Hilo nalo lisemwe." Kisha akanigeukia. "Mguu huu utachukua wiki nane. Wiki nane hizo utakuwa miguu yangu. Utaniletea spana, utafagia, utapika chai. Nyaya hutagusa."

"Na baadaye, Mzee? Nitagusa tena?"

"Utagusa. Lakini kila waya utakaoufunga, lazima mtu mwingine aje autazame kabla gari halijawashwa. Sakiusa ndiye atakayekuwa mtu huyo, umfundishe mpaka aelewe anachokitazama."

Machozi yalinijaa. "Kwa hiyo huniamini tena kwamba najua kazi?"

"Sikiliza, mwanangu," alisema Mzee Jagdish, na hapo tu ndipo sauti yake ilipolainika. "Asiyejua kazi akikosea, tunamfundisha. Wewe hukukosea hata kidogo. Uliufunga waya vizuri, nao ukafanya kile kile ulichotaka, mpaka gari lilipoondoka, na hapo halikukutii tena. Sikuwekei mlinzi kwa sababu hujui kazi. Nakuwekea kwa sababu unaijua."