Kigoda cha Mnusaji

Kila siku aliporudi kutoka shuleni, Eunike alivua sare, akanawa mikono kwa sabuni isiyo na manukato, kisha akaketi kwenye kigoda kilichowekwa mlangoni mwa karakana ya shangazi yake. Hapo zamani karakana hiyo ilikuwa stoo ya mahindi. Sasa ilikuwa imepigwa rangi nyeupe na kuwekewa meza ya vigae, na kwa kuwa shangazi Anande aliiita karakana, hakuna mtu katika mtaa wao wa Elerai aliyeona sababu ya kubishana naye.

Humo shangazi alitengeneza manukato ya mafuta yasiyo na spiriti. Wateja wake walikuwa wa aina mbili: wale ambao dini yao iliwafanya waiepuke spiriti, na wale ambao ngozi yao iliikataa. Alichanganya mafuta ya alizeti yaliyosafishwa na mafuta ya maua na majani, akayaacha yapumzike gizani, kisha akayajaza katika chupa ndogo zenye gololi mdomoni. Mtu akiisugua gololi hiyo kwenye kifundo cha mkono, huzunguka na kuacha mstari mwembamba wa mafuta.

Kazi ya Eunike ilikuwa kunusa. Shangazi alikuwa ameishi na harufu kwa miaka mingi, na pua yake ilikuwa imezizoea kama sikio la mtu anayeishi karibu na mashine ya kusaga. Mafuta ya alizeti yakianza kuchacha, hujitangaza kidogo sana mwanzoni, na anayesikia tangazo hilo ni mwenye pua changa. Kwa hiyo hakuna dumu lililomiminwa kabla Eunike hajainama juu yake na kutamka neno moja: safi, au hapana.

Alikuwa na sifa zake. Aliwahi kugundua kwamba jagi lilioshwa kwa sabuni yenye manukato, akawa sahihi. Majirani waliongeza kwamba alinusa mvua siku moja kabla haijanyesha. Hilo la mvua halikuwahi kuthibitishwa. Chini ya Mlima Meru, anayetabiri mvua hukosea mara chache.

Lucky, mtoto wa shangazi, ambaye kazi yake ilikuwa kuosha chupa, alimwita Mheshimiwa Pua. Eunike alikipokea cheo hicho bila kuona kwamba kilikuwa utani.

Mwezi wa Julai baridi iliposhuka kutoka mlimani, watoto wote wa mtaa walivaa sweta isipokuwa yeye.

"Sweta hubeba moshi wa jikoni," alimweleza Lucky. "Moshi unachanganya pua."

"Na baridi je?"

"Baridi haina harufu."

Lucky alirudi kwenye chupa zake. Baridi ilikuwa na jibu lake. Jumatatu iliyofuata Eunike aliamka pua imeziba kama chupa iliyopigwa kizibo.

Wiki hiyo haikuwa ya kawaida. Bi Pudensiana, mwenye kampuni ya manukato na duka mjini, alikuwa anatafuta mtu wa kumtengenezea mafuta yatakayouzwa kwa jina la kampuni yake. Angekuja Jumamosi kunusa na kuamua. Alikuwa ametuma mfano wa lebo ya nyuma ya chupa, na shangazi alikuwa ameibandika ukutani, kwa sababu hapo ndipo palipoandikwa: Imetengenezwa Elerai, Arusha. Aliyasoma maneno hayo kila alipopita. Kwa miaka mingi alikuwa akiuza chupa zisizo na jina la mahali popote.

Sheria ya karakana ilijulikana: mwenye mafua haingii. Eunike alijua kwamba akisema, kigoda chake kingekaliwa na Lucky, tena katika wiki ambayo mgeni angetaka kujua nani alikikalia. Basi alipenga kamasi nje, akaingia, akaketi.

Shangazi alifungua dumu. "Hili vipi?"

Eunike aliinama. Hakusikia harufu mbaya. Hakusikia harufu yoyote.

"Safi, shangazi," alisema, na mafuta yakamiminwa.

Jioni ile alikunywa chai ya tangawizi akasikia moto tu. Baadaye, Eunike akiwa ameketi karibu na mlango wa jikoni, Lucky alipita mbio na kuipua sufuria.

"Maharage yameungua mpaka jirani amekuja kuuliza," alisema, "na Mheshimiwa Pua amekaa hapo hapo." Akamsogezea sufuria usoni. "Huna pua."

"Ninayo."

"Sawa. Mimi simwambii mama. Chupa zitamwambia."

Ijumaa chupa zilijazwa, gololi zikabanwa mpaka zikalia, na trei mbili zikapangwa mezani. Shangazi alizifuta kwa kitambaa moja moja, hata zile zilizokuwa safi.

Bi Pudensiana alifika Jumamosi asubuhi akiwa na koti zito na maneno machache.

"Shikamoo," Eunike alimsalimu.

"Marahaba. Huyu ndiye mwenye pua?"

"Ndiye, dada," shangazi alijibu, na uso wake, ambao kwa kawaida haukutangaza jambo, ulitangaza. "Hakuna dumu linalochanganywa bila kupita kwake."

Mgeni alichukua chupa, akajipaka kwenye kifundo cha mkono, akanusa, akanywa chai kidogo, akanusa tena. "Waridi. Halafu mchaichai unakuja taratibu." Akaitazama lebo ukutani. "Nadhani sina haja ya kwenda kwa yule mtengenezaji wa Usa River."

Ushindi, kwa maneno mengine, ulikuwa umekwisha kupatikana. Eunike alitakiwa kunyamaza tu, kazi ambayo hata mwenye mafua huiweza. Aliangalia mkono wa shangazi ukiibandua lebo ukutani kwa uangalifu, kwa ncha ya ukucha, ili isichanike. Mlangoni Lucky alikuwa anafuta chupa iliyokauka zamani.

"Shangazi," Eunike alisema, "lile dumu la Jumatatu sikulinusa."

"Ulilinusa. Nilikuwa nimesimama hapa."

"Niliinama tu. Pua yangu imeziba tangu Jumatatu. Sikusikia kitu, nikasema safi."

Shangazi hakupaza sauti. Aliiweka lebo mezani, akaenda kwenye kona, akarudi na dumu lililobaki nusu. "Lucky, njoo."

Lucky alinusa, akarudi nyuma hatua moja. "Mama, hili ni karai la chipsi la stendi."

Bi Pudensiana naye akanusa, akatikisa kichwa polepole. Kisha akainua mkono wake aliojipaka. "Lakini hapa ni waridi tu. Karai silisikii."

"Leo," shangazi alisema. "Waridi litaondoka, karai litabaki." Akazinyanyua trei zote mbili na kuziweka chini, sakafuni. "Hizi haziendi kokote."

Mgeni alisimama, akafunga koti. "Mimi sinunui ahadi, dada. Mkiwa na nyingine, nitanusa." Akaondoka, chai yake ikabaki nusu.

Eunike alisubiri kugombezwa. Shangazi aliitazama trei, akamtazama yeye, akasema, "Kavae sweta."

Alasiri yote watoto wawili walikaa mbele ya beseni la maji ya moto, wakizimwaga na kuziosha chupa.

"Karibu kazini, Mheshimiwa," Lucky alisema.

"Asante."

"Ungenyamaza, saa hizi tungekuwa tunakunywa soda."

"Na wewe ulijua. Mbona ulinyamaza?"

Lucky alifikiri. Gololi ilimponyoka, ikaviringika chini ya beseni, akaitafuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Nilitaka uumbuke," alisema hatimaye. "Sikujua kwamba mama naye angeumbuka."

Tangu siku hiyo shangazi aliweka kigoda cha pili mlangoni. Kila dumu lilinuswa na watu wawili, na aliyekuwa na mafua alitakiwa kuyasema kabla hajavuka kizingiti. Wanusaji walipotofautiana, dumu liliwekwa kando hadi wakubaliane, jambo ambalo kwa hawa wawili halikuwa la haraka.

Mwishoni mwa Agosti, mchanganyiko mpya ulipokwisha kupumzika, Bi Pudensiana alirudi. Kabla hajagusa chupa alimgeukia Eunike.

"Safari hii umesikia nini?"

"Dumu la kwanza ni alizeti tu. La pili mimi nilisema safi, Lucky akasema hana hakika. Hatukulitumia."

"Na wewe ulikuwa mzima?"

"Mzima. Lakini naye alikuwa mzima."

Bi Pudensiana alijipaka, akanusa, akanywa chai yake mpaka ikaisha, akanusa tena. "Nimetembelea watengenezaji wengi," alisema. "Wote huniambia walichonusa. Hakuna aliyewahi kuniambia asichonusa." Akaichukua lebo iliyokuwa bado mezani, akaibandika mwenyewe kwenye chupa ya kwanza.

Wiki chache baadaye shangazi aliwachukua watoto mjini. Dukani, kwenye rafu ya katikati, chupa zao zilisimama kwa safu. Mama mmoja aliichukua moja, akaigeuza, akasoma nyuma kwa sauti ya chini: "Imetengenezwa Elerai, Arusha." Akamgeukia mwenzake. "Kumbe ni ya hapa hapa." Akajipaka, akanusa, akaenda nayo kwa muuzaji. Shangazi alijifanya anatazama kanga zilizotundikwa ukutani, lakini mabega yake yalikuwa yamenyooka kama ya askari wa gwaride.

Walipotoka nje Eunike aliuliza swali alilokuwa amelibeba tangu Julai. "Shangazi, kwa nini hukuniondoa kwenye kigoda?"

"Pua ni kiungo," shangazi alijibu. "Huziba, hufunguka, na ya mbwa ni bora kuliko yako. Ningekuwa nataka pua tu, ningefuga mbwa. Mimi nilitaka mtu wa kuniambia kweli. Siku ile ya dumu hukuwa mtu huyo; Jumamosi ulikuwa, tena ilipokuwa vigumu zaidi. Anayejua kazi hujivunia anachokiweza, na hasemi uongo kuhusu asichokiweza. Ukilisahau jambo hilo, kigoda nitampa Lucky."

"Mimi nipo tayari," Lucky alisema.

"Nawe ukiliona kosa na kulifumbia macho, kigoda kitabaki kitupu."

Jua lilikuwa kali siku hiyo na Meru ulionekana wote, hadi kileleni. Hata hivyo Eunike alifunga vifungo vya sweta mpaka shingoni, akatembea mbele yao, kichwa juu, kuelekea Elerai.