Ngoma Karibuni

Jumamosi ile, alipokuwa akikusanya vikombe, Wamboi alikuta kimoja kimejaa mpaka ukingoni. Katika hoteli ya Ramniklal chai isiyoguswa ilikuwa haki ya mwosha vyombo, na Wamboi hakuwa mtu wa kuacha haki yake ipotee. Aliinywa palepale, amesimama. Ilikuwa maji. Rangi ya chai ilikuwepo, utando wa maziwa ulikuwepo juu, lakini tangawizi, sukari, majani, hata ule moshi mdogo wa kuni unaoingia kwenye kila sufuria, vyote vilikuwa vimetolewa ndani yake. Wamboi alidhani ni ulimi wake. Tangu mumewe achukuliwe, mambo mengi hayakuwa yakimfikia sawasawa.

Waliozaliwa juzi hawawezi kuijua Thika ile, na ukiwasimulia wanakutazama kama unayewauzia ng'ombe mgonjwa. Hoteli ya Ramniklal ilitazamana na sinema ya Kanji, barabara ya vumbi katikati. Mtu akienda sinema alivaa tai, hata kama ndani ya viatu hakuna soksi. Vimla, mke wa Ramniklal, alikaanga bajia karibu na dirisha kwa makusudi, ili harufu ivuke barabara iwatoe watu ndani kabla picha haijaisha. Na kulikuwa na desturi ambayo sijui ilianzishwa na nani: aliyeiona picha aliwasimulia waliokosa kuingia, nao wakamnunulia chai. Bingwa wa kazi hiyo alikuwa Kagwe, mume wa Wamboi. Alikaa mwisho wa benchi refu la ukutani, akalia kama binti mfalme, akakimbia kama farasi bila kuinuka alipoketi, na picha ya Kihindi ambayo hakuelewa neno lake hata moja aliieleza yote toka mwanzo. Watu walioiona kwa macho yao wenyewe walikuja kusikiliza ya Kagwe, kwa sababu ya Kagwe ilikuwa tamu zaidi.

Kisha serikali ya kikoloni ikatangaza Hali ya Hatari. Kagwe alikuwa kibarua kwenye shamba la kahawa Ruiru. Asubuhi moja lori la askari lilisimama kati ya mistari ya kahawa likawazoa wanaume, Kagwe na rafiki yake Wainaina wakiwa juu ya lori moja. Hakuna aliyeambiwa wanapelekwa wapi. Mama yake Kagwe, kule Gatongora, alilia mpaka sauti ikakauka. Wamboi hakulia. Alirudi kazini akaosha vyombo. Watu walisema ana moyo mgumu, na walikosea, maana mwanamke yule alikuwa amekufa ganzi tu. Alikuwa na jambo moja alilolishika kwa mikono miwili: hakuna mtu aliyemwambia kwamba Kagwe amekufa. Basi yu hai. Yuko mahali anavunja mawe, lakini yu hai.

Hoteli ikapooza. Wakikuyu walitakiwa kuwa majumbani kabla ya giza, wasimulizi wa sinema walikuwa wamekwisha, na Ramniklal, ambaye hakuweza kabisa kuvumilia kimya, akanunua gramafoni. Alimwambia Barasa, mpishi wake kutoka Bungoma, aandike kibao cha kuwaita watu waje wacheze Jumamosi alasiri. Barasa alikuwa na mwandiko mzuri, na Kiswahili chake alikionea fahari. Aliandika kwa rangi nyekundu: NGOMA KARIBUNI. KILA JUMAMOSI.

Wamboi alikisoma akiwa na ndoo mkononi.

"Barasa, wewe umeita nani?"

"Nimeita watu wa ngoma. Watu wa kucheza. Si ni Kiswahili hiyo?"

"Ni Kiswahili kwenu. Kwa Kikuyu ngoma ni wale watu wamekufa. Ni roho zao. Sasa umewaambia wakaribie, na siku umewapatia."

Barasa alicheka mpaka akashika ukuta. Ramniklal alipoelezwa, naye akacheka. "Hata kama ni ya kufa," alisema, "kama nakunywa chai, wacha ikuje." Kibao kikabaki pale mlangoni.

Watu walikuja kweli. Walikuja Wajaluo wa reli, Wakamba wa viwandani, vijana waliopaka mafuta nywele zikang'aa, na gramafoni ikaimba, na vumbi likapanda kutoka sakafuni. Lakini kwenye lile benchi la ukutani kulianza kukaa watu wasiocheza. Walivaa makoti mazito ilhali jua lilikuwa kali. Walishika vikombe kwa mikono yote miwili, kama mtu anayeota moto, wala hawakuvipeleka mdomoni. Wamboi aliwahudumia kama alivyowahudumia wengine wote. Alipoinama kuwamiminia alisikia harufu ya udongo ulionyeshewa na majani yaliyokanyagwa, na ubaridi ukampanda kwenye vifundo vya miguu. Hakuuliza. Kuuliza ni kazi ya mtu ambaye bado anahitaji majibu.

Ni Vimla aliyekuwa wa kwanza kulalamika. Aliweka chumvi kwenye dengu, akaonja, akaongeza, akaonja tena, akamwaga konzi nzima ya chumvi ndani ya sufuria, na bado dengu zilikuwa kama matope ya mtoni. Bajia ziliiva zikawa nyekundu lakini hazikunukia hata mtu akizisogeza puani. Wateja walio hai walianza kupungua. Kila mmoja alikuwa na kisingizio chake.

Na alasiri moja, sahani ya santuri ilipokwisha na sindano ikabaki ikikwaruza, na wachezaji wachache waliokuwapo wakasimama kujifuta jasho, Barasa na Wamboi, waliokuwa mlangoni mwa jikoni, walisikia kwamba miguu haijasimama, kwamba kuna nyayo nyingi zinazoburuzika sakafuni polepole, kwa pamoja, kama za watu waliofungwa kamba moja wakatembezwa njia ndefu, na nyayo zile zilipita katikati ya wachezaji bila kumgusa mtu, zikaenda hadi kwenye benchi, zikanyamaza, na benchi, lililokuwa na nafasi, likalia chini ya uzito wa watu wapya.

"Mama," Barasa alinong'ona, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Yule wa kwanza. Yule si ni Waweru? Fundi wa cherehani?"

"Ni yeye."

"Si walimzika? Si mimi nilienda?"

"Ulienda."

Barasa alivua aproni yake, akaikunja vizuri, akaikunjua, akaivaa tena. Hakuwa na pa kwenda, Bungoma ilikuwa mbali. "Hiyo ni majini," alisema. "Na ni mimi nimeandika."

Wamboi hakumsikiliza. Alikuwa akimtazama aliyekaa pembeni ya Waweru, kijana mwenye kovu kwenye nyusi, na yule kijana alikuwa Wainaina. Wainaina wa lori moja na Kagwe.

Tangu siku hiyo alianza kuisubiri Jumamosi kwa namna aliyoona aibu kuieleza. Wengine walitaka wale wageni waondoke, yeye aliwataka waje, kwa sababu redio haikumwambia kitu, serikali haikumwambia kitu, na benchi lile lilikuwa gazeti lake. Alipita na birika, akatazama uso mmoja baada ya mwingine, akafika mwisho, na Kagwe hakuwapo. Basi yu hai. Alirudi jikoni akaosha vyombo vizuri kuliko siku zote.

Kisha akaja mwenye kofia. Alikaa mwisho kabisa wa benchi, amejiinamia, ukingo wa kofia umeufunika uso wote. Wamboi alimfikia na birika na jagi la maziwa, na mkono wake ukamimina maziwa kwanza na chai baadaye, ukakoroga kuelekea kushoto, na kijiko ukakiacha ndani. Alikuwa ameshampa kikombe alipogundua mkono wake ulimtengenezea nani. Aligeuka haraka, akaondoka bila kuinama, na kila Jumamosi baada ya hapo alimhudumia huku akitazama ukuta. Kofia zinafanana, alijiambia. Watu wengi wanapenda maziwa kwanza.

Vimla hakumwomba mumewe ruhusa. Alikwenda sokoni kwa mwanamke aitwaye Mumbi, muuza nduma, ambaye baba yake alikuwa mundu mugo na kibuyu cha uganga kilimwangukia yeye bila kupenda. Mumbi alikuwa mtu wa maneno machache na alichukia kupotezewa muda wa biashara. Alisikiliza, akauliza kibao kiliandikwa nini, akasonya.

"Kung'oa kibao haisaidii," alisema. "Mgeni ukishamkaribisha, humfukuzi kwa kufunga mlango akiwa ndani. Wengi wao hawakusindikizwa na mtu. Wengine hata hawakuzikwa. Nileteeni watu wao. Mtu wake amtaje kwa jina, basi. Akitajwa atajua ameonekana, ataenda kulala."

Jumamosi iliyofuata mlango wa hoteli ulijaa wanawake waliofunga vilemba. Gramafoni ilikuwa kimya. Mumbi alipita mbele ya benchi akinyunyiza maji kwa tawi, akasimama mbele ya mmoja, akageukia mlango. Mjane wa Waweru akaja akamtazama mumewe. "Waweru," alisema, kwa sauti ile ile ambayo angemwita ale. Waweru aliweka kikombe chini, akainuka, akapita kati yao, na nje palikuwa na jua tupu.

Dada yake Wainaina alikuja akiwa haamini. Nyumbani kwao walikuwa wamemwekea kaka yake nguo zilizofuliwa, kwa siku atakayorudi. Alisimama mbele ya benchi, na alipolisema lile jina lilitoka pamoja na ukelele ambao kina Kanji waliusikia ng'ambo ya barabara. Wainaina akainuka. Walimshika dada yake wakamtoa nje akiwa amelegea. Mmoja baada ya mwingine, benchi likawa linaachwa wazi, na kutoka jikoni, polepole, harufu ya tangawizi ikaanza kurudi.

Akabaki mwenye kofia.

"Huyu wa nani?" aliuliza Mumbi. Wanawake walitazama sakafu. Barasa alimtazama Wamboi, akaondoa macho.

Mumbi alisogea karibu na Wamboi. "Mwari," alisema chini chini, kama anayemwita binti yake, na safari hii hakuwa na haraka. "Asipotajwa leo hana kwao. Na mtu hana kwao hufuata mkono umempa chai. Mtaje, apumzike."

Wamboi alimtazama yule mtu, na kwa mara ya kwanza hakutazama ukuta. Aliona mabega. Aliona mikono, kucha zenye udongo, na namna kidole gumba kilivyopapasa ukingo wa kikombe, kikizunguka, kikizunguka, kama kinavyofanya kidole cha mtu anayefikiria aanzie wapi hadithi. Alijua kwamba akifungua mdomo aseme neno moja atatoka pale mjane, na mama mzee kule Gatongora atakuwa hana mtoto, na wote wawili watakuwa wamejua, na kujua hakurudi nyuma. Mwanamume yule aliinua kichwa kidogo. Alikuwa anangoja.

"Simjui," alisema Wamboi.

Mumbi alikifunga kibuyu chake, akarudi sokoni kwa nduma zake. Hakumlaumu.

Jioni hiyo Wamboi alipofungua chumba chake kule Majengo, mwenye kofia alikuwa ameshakaa ukingoni mwa kitanda, mgongo kwake.

Aliishi naye. Nisitafute maneno mengine. Hoteli ilirudi kuwa hoteli, chumvi ikawa chumvi, na Barasa akaandika kibao kipya chenye neno DANSI. Lakini katika kinywa cha Wamboi kila kitu kilikuwa kama ile chai ya kwanza. Usiku alilala upande wa ukuta na ubaridi mgongoni. Hakuutazama uso ule, wala hakumwita kwa jina, na kwa hilo hakuna aliyeweza kumshangaa, maana mke wa siku zile hakumwita mumewe jina. Alimwita "wewe". "Wewe, sogea." "Wewe, mvua inanyesha." Hakujibiwa. Hakuwa na furaha wala huzuni. Alikuwa na mume ambaye hakuna mtu aliyesema amekufa.

Miaka ikaenda, na malori yakaanza kuwarudisha waliokuwa vizuizini. Wanawake walikesha wakipika. Asubuhi moja mama yake Kagwe alifika kutoka Gatongora kwa miguu, amevaa nguo ya kanisani, amejipaka mafuta mpaka kwenye viwiko. Alimkuta Wamboi nje akianika nguo.

"Wewe mwari, mbona bado uko hapa? Wanasema kuna lori ya mwisho leo. Vaa twende tumngoje."

Wamboi alikung'uta shuka, akaibana kwenye kamba. Alisema ukweli, kama alivyouzoea, bila hata kuufikiria.

"Hakuna haja ya kungoja, maitu. Ako ndani."

Mama mzee alitupa kikapu. "Ngai! Na hukuniambia!" Alikuwa ameshaanza kukimbia, kwa magoti yale yaliyomsumbua, anacheka, machozi yanamtoka, mikono ameinyoosha mbele. Wamboi aligeuka, akamfuata, akataka kumziba mdomo kwa kiganja chake, lakini alikuwa na shuka na vibanio mikononi, na yule mama alishafika mlangoni na kuusukuma.

"Kagwe!" aliita. "Kagwe wa mama!"

Ndani kitanda kililia, kama kinavyolia mtu mzito anapoinuka. Ubaridi ulitoka mlangoni ukapita kati ya wale wanawake wawili, ukakawia kidogo karibu na yule mzee, ukaenda zake. Chumba kikabaki na kitanda, jiko la makaa na nguo zilizotundikwa kwenye msumari.

Mama mzee aliingia, akatazama nyuma ya mlango, akatoka. Mikono yake ilikuwa bado imenyooshwa. Alifungua mdomo kuuliza, na ndipo Wamboi alipoanza kulia, kilio cha miaka yote kwa mara moja, amepiga magoti juu ya shuka safi, akivuta pumzi na kuita jina lile tena na tena, na majirani wakatoka vyumbani kuona amekufa nani.