Mkanda wa Hema la Duara

Kila Jumamosi asubuhi, Kijino na binamu yake walianza kazi kwa kununiana. Shangazi, mama yake binamu, alitengeneza mahema ya duara katika karakana yake, kwa mfano wa nyumba za wafugaji wa mbali wanaohama na makazi yao: ukuta wa fito zilizopishana, unaokunjwa na kukunjuliwa, na miti ya paa inayokutana juu kwenye pete. Kwa kawaida binamu ndiye aliyeuzungushia ukuta mkanda mara tatu, usije ukatanuka paa likiulemea.

Jumamosi moja muuguzi alikuja kuchukua hema la kuchanjia watoto.

"Nakwenda kumpokea," binamu alimwambia Kijino. "Funga mkanda. Na uharakishe, konokono wewe!"

"Konokono mwenyewe!" Kijino alifoka. Kwa hasira akazungusha mara moja tu, akafunika kwa turubai. Jamani, kiburi hicho!

Shangazi alipolitikisa hema mbele ya muuguzi, ukuta ulitanuka, miti ikaporomoka puu! Mmoja ukamchubua shangazi bega.

"Mkanda gani huu?" alimgeukia binti yake, macho yamemwiva.

"Mama, nilimwachia Kijino!"

"Mwongo!" Kijino alidakia. "Hakuniachia kitu!"

"Kila siku kumsingizia mwenzako! Toka! Usikanyage tena karakana yangu," shangazi alimfokea binti yake.

Binamu, ambaye hakuwa na ndoto nyingine ila ya kuwa fundi mahema, aliweka nyundo yake chini akaanza kulia. Kijino alidhani angefurahi. Wapi!

"Lingewaangukia watoto wachanga," muuguzi alisema kwa ukali.

"Ni mimi," Kijino alisema. "Aliniachia kweli. Nilizungusha mara moja tu, kisha nikadanganya."

Shangazi alimtazama hadi Kijino akainamisha kichwa.

"Mkanda tutaufungua tufunge upya," shangazi alisema. "Lakini umeniacha nimfukuze mwanangu, nawe unatazama! Ukikosea, sema kabla mwingine hajaadhibiwa kwa ajili yako. Muombe radhi."

"Nisamehe, dada."

"Nimesikia," binamu alijibu, bado amenuna. "Shika mkanda, tuvute."

Walizungusha mara tatu. Shangazi akalitikisa hema kwa nguvu zake zote, lisitetereke. Kisha akamsogelea binti yake.

"Nami nisamehe, mwanangu. Nilikuhukumu bila kukusikiliza. Ukweli unahitaji mtu wa kuusema, na mtu wa kuusikiliza."