Jina la Mpokeaji

Séphora alikuwa akiandika barua kwa mara ya tatu. Mama Masengo, anayeandaa hati za forodha karibu na stesheni ya Kamina, alisimama nyuma yake.

"Jina lote la mama yako, kama lilivyo kwenye kadi yake ya mpiga kura."

Séphora aliandika: Umba Élisa.

Miezi miwili iliyopita, mjomba Nkongolo alipiga simu kutoka Ndola, Zambia. Alikuwa anamtumia dada yake Élisa kiti cha magurudumu, kwa kuwa Élisa hutambaa, viganja vyake vikiwa ndani ya kandambili. Séphora ndiye aliyepokea simu.

"Niandike nani kuwa mpokeaji?"

"Papa Kaumba," Séphora alijibu.

Kaumba ana depo, ghala la mizigo, na wachuuzi wengi humwandika yeye ili mizigo yao isikwame.

Jana kiti kilifika forodhani. Mama Élisa alitambaa hadi depo ya Kaumba.

"Papa Kaumba, kile kiti njo changu."

"Karatasi inasema Kaumba," alijibu. "Weye njo Kaumba? Basi simama, tukuone!"

Wabeba mizigo walicheka hadi wakashika mbavu. Séphora alikuwa hapo.

"Kiti kiko forodhani bado," Mama Masengo alisema sasa. "Nimeomba wasikitoe. Mjomba wako ametuma barua ya kusahihisha. Imebaki yako. Eleza kwa nini ulimtaja Kaumba."

"Niandike ni kwa sababu ya depo?"

"Ni kweli?"

Séphora alimtazama mama yake, aliyekaa sakafuni mlangoni.

"Hapana. Majina ya wapokeaji hubandikwa ukutani stesheni. Wenzangu wa shule wanapita pale. Sikutaka walione jina la mama."

Mama Élisa aliziangalia kandambili zake.

"Andika vile vile," alisema. "Minyi mwenyewe nitatia sahihi."

"Forodhani hawaulizi nani anakihitaji kitu," Mama Masengo alisema polepole. "Wanasoma jina. Ukimwandika mtu mwingine, umempa. Na ukiandika kwa sababu ya haya, unamnyang'anya mtu wako mwenyewe."

Séphora aliandika mstari mmoja. Kabla ya kumaliza wa pili, karani wa kupiga barua hizo muhuri alifunga ofisi yake ng'ambo ya barabara.

"Utamalizia kesho asubuhi," Mama Masengo alisema.

Mama Élisa alianza kushuka ngazi kwa mikono. Séphora aliinama kumshika.

"Wacha," mama alisema. "Batu wa njiani watakuona."