Usipige Risasi Aliyojaza Mwingine

Simu ililia mara moja, ikakata. Ikalia tena.

Haugen alizima injini ya Ford yake nje ya duka la bunduki la mzee Einar, akapokea.

"Kunguru," alijitaja kwa jina lake la siri.

"Mama ameingia dukani?" Ilikuwa sauti ya mkuu wake, baridi kama bomba la maji Januari.

"Sasa hivi."

"Tumenasa maneno yao. Wanasema ajali. Kesho, uwanja wa shabaha. Hatujui nani, hatujui vipi."

"Mwambieni abaki nyumbani."

"Tumemwambia. Amesema mfungwa si yeye."

Simu ikakatwa.

Mama huyo ni Mavis Oberg, karani wa forodha, mjane mwenye mabinti wawili. Ndiye aliyefungua kontena lililoandikwa mashine za kukamulia maziwa, akakuta darubini za kijeshi za kulengea gizani, mia nne, zinatoroshwa nje ya nchi. Jumatatu angesimama mahakamani. Bila yeye kesi haipo. Kwa hiyo wenye kontena walitaka afe, tena afe vizuri, mji mzima useme maskini, bahati mbaya.

Haugen aliingia. Mji ulimjua kama msimamizi mpya wa uwanja, mtoto wa huku huku Montana aliyerudi nyumbani. Hakuna aliyeuliza zaidi.

Einar alikuwa amesimamisha risasi tatu juu ya kaunta.

"Hii kubwa ndiyo inafika mbali, au sivyo?" Mavis aliuliza.

"Inafika. Na bega lako linafika hospitali. Dada, hiyo magnamu ni ya wanaume wanaoogopa kulungu. Ikikupiga teke mara tano, mara ya sita unafumba macho kabla hujafyatua. Hapo hujifunzi shabaha, unajifunza woga."

"Na hii ya katikati?"

"Tatu-sifuri-nane. Marehemu baba aliiamini kuliko mchungaji. Ni nzuri, ila kwa masafa marefu upepo wa huku utakuchezea nayo."

"Basi hii ndogo, sita nukta tano."

"Teke lake la mbuzi. Upepo hauisumbui sana, na ikikuishia unaipata hata kwa muuza chakula cha ng'ombe. Anza na hiyo. Magnamu njoo ununue siku ukinichoka."

Mavis alicheka. Akafungua pochi.

"Weka pesa yako, jirani."

Mlangoni alisimama Dale Pruitt. Alihamia nyumba ya pili kutoka kwa Mavis miezi miwili iliyopita. Kofia yake ilikuwa mpya mno.

"Mimi najaza risasi zangu mwenyewe gereji, baruti na yote. Sita nukta tano hiyo hiyo. Nitakupa boksi zima, bure."

"Mungu akubariki," Mavis alisema.

Einar aliacha kufuta kaunta.

Mji ule mtu atakuazima gari lake na tangi limejaa. Atakuazima farasi. Lakini risasi aliyojaza kwa mkono wake hakupi, na ukipewa hupokei. Kila mtu anapima baruti kwa bunduki yake, na akikosea, kosa linampasukia yeye. Mtoto wa pale huambiwa hivyo kabla hajaruhusiwa kugusa mtutu. Mavis alikuja ukubwani kutoka pwani. Hakuwa na wa kumwambia.

Haugen hakugeuka. Alinunua kopo la mafuta ya bunduki, akatoka.

"Nimempata," alisema kwenye simu.

"Ushahidi?"

"Ni mkarimu mno."

"Hiyo si hatia."

"Hapa ni hatia. Kesho mkamateni getini, na boksi mkononi."

Jumamosi, saa tatu asubuhi. Upepo wa kushoto. Wanafunzi saba wamelala kifudifudi kwenye mikeka, nafasi ya tatu wazi. Ndani ya vizibo vya masikio vya Haugen mlifichwa redio.

"Pruitt amepita geti," redio ilisema. "Tumepekua gari."

"Na?"

"Hakuna boksi."

Haugen alimtazama Pruitt akitandika mkeka wake namba tatu. Bunduki yake Tikka, sita nukta tano. Anapiga mluzi.

Mtu anayesubiri kitu kianze.

Haugen alitazama mkeka wa nane, mwisho kabisa. Mavis alikuwa ameshatia risasi, akafunga chemba. Shavu lake limelala juu ya kitako cha bunduki. Kidole kinashuka.

"Sitisha!"

Neno hilo uwanjani halina mjadala. Mikono yote ikaachia bunduki.

Hata ya Mavis.

Haugen alitembea hadi namba nane, polepole. Magoti yalitaka kukimbia, akayakataza.

"Fungua chemba, dada. Toa risasi. Za nani hizo?"

"Za Dale. Aliniletea kwangu alfajiri, pamoja na mikate ya mdalasini." Alitabasamu. "Nimekosea nini?"

"Hujakosea. Hukuambiwa."

Aliichukua ile risasi, akaenda nayo namba tatu.

"Bunduki yako inaila hii. Piga moja."

"Leo bega linaniuma," Pruitt alisema.

"Teke lake la mbuzi tu."

Mtu alicheka kwenye mkeka wa tano.

Mkono wa Pruitt uliingia ndani ya koti.

Chupa ya kahawa ya Haugen, Stanley ya chuma, ilitua kwenye kifundo cha mkono huo. Bastola, Glock, ikaanguka majanini. Wanafunzi wa mkeka wa kwanza na wa pili waliinuka na pingu mikononi. Hawakuwa wanafunzi.

Robo saa baadaye redio ilizungumza.

"Tumefungua risasi mbili. Baruti ya bastola, kali mno kwa bunduki. Bolti ingemtoka nyuma, ikaingia jichoni."

Haugen alizima redio. Alikuwa anawafikiria wale mabinti wawili.

Wazee wa pale husema: mwanangu, mtu akikupa bure kitu cha kupasuka karibu na uso wako, mwambie aanze yeye.

Einar alishuka kwenye gari lake na boksi jipya la dukani, akampa Mavis. "Jana sikulala," alisema. "Nilipaswa kusema pale pale."

"Sasa umesema," Mavis alijibu. Akalifungua boksi, akachukua risasi moja. Kisha akalala tena kwenye mkeka.

Haugen aliokota chupa yake. Imebonyea, kahawa ipo. Akaanza kutembea kuelekea kwenye Ford.

Nyuma yake mlio mmoja. Shabaha ilikuwa yadi mia sita; akahesabu.

Moja. Mbili.

Bamba la chuma likalia kama kengele.

Hakugeuka. Alifungua kifuniko, akanywa.