Mbwa wa Ubavu Mmoja

Jirani zangu, na hasa ninyi mnaotamani kufuga mnyama kwa sababu mmemwona anavyopendeza pichani, ketini niwasimulie yaliyoifika nyumba moja ya mtaani kwetu.

Ilikuwa nyumba tulivu. Chumba cha mbele kilikuwa studio ya mpiga picha. Cha pili kilikuwa na cherehani ya mkewe. Kila asubuhi mume alifuta lenzi, mke akapanga nyuzi, redio ikaimba kwa sauti ya chini. Kisha mume akaleta mbwa.

Manyoya yake yalikuwa ya rangi ya asali, marefu hata yakaburuzika sakafuni, na akili zake zilikuwa zake mwenyewe. Ukimwita, alikutazama kama bosi aliyeombwa nyongeza ya mshahara, kisha akaenda alikokuwa akienda. Wakamwita Bwana Mkubwa. Aliyemuuza alikuwa ameonya waziwazi: "Huyu huchanwa kila siku, mpaka kwenye ngozi. Na halazimishwi, hubembelezwa." Mpiga picha aliitikia tu, macho yake yakipima jinsi mwanga unavyocheza juu ya manyoya.

Wateja walimpenda. Kila mmoja alitaka kupigwa picha na Bwana Mkubwa ameketi kando yake, daima ubavu wa kulia ukielekea kamera. Hapo ndipo kosa lilipozaliwa: mpiga picha akawa anauchana ubavu huo peke yake.

"Baba watoto, na ule wa pili?" mkewe aliuliza, huku akichomoa unyoya kwenye pindo la gauni la harusi.

"Ule unaelekea ukutani. Ukuta una macho?"

"Basi uchane kwa ajili ya gauni la watu!"

"Wewe ndiye unayeshinda naye humo ndani."

"Mimi? Mbwa ni wako, chanuo ni lako. Sikuolewa na manyoya mimi."

Mnawasikia, ndugu zangu? Watu wazima wawili, chanuo linaning'inia msumarini katikati yao, na kila mmoja anangoja mwenzake alishike! Huku wakitupiana maneno, manyoya ya ubavu wa kushoto yalishikana, yakawa kama kipande cha zulia kuukuu. Bwana Mkubwa akaanza kukataa kuketi. Akivutwa, alijikaza, akisukumwa, alinguruma.

"Kiburi kimemjaa," mpiga picha akahukumu.

Siku moja, mbele ya wateja, alimkamata ubavu wa kushoto ili amgeuze kwa nguvu. Bwana Mkubwa akamuuma mkono. Wateja walitoka mbio, mmoja akaacha kiatu.

"Leo ndio mwisho wake! Nampeleka kwa daktari wa mifugo achomwe sindano ya kufa. Sifugi mnyama asiyenitii."

Mkewe aliufunga mkono ule kwa kipande cha kitambaa cha gauni, akawafuata hadi kwa daktari.

Daktari alisikiliza, kisha akauliza, "Ulimshika wapi alipokuuma?"

"Hapa."

Badala ya sindano, alichukua mashine ya kunyolea. Lile zulia lilibanduka zima. Chini yake ngozi ilikuwa imeoza, na funza wakitambaa kwenye kidonda. Mama wa cherehani akageukia ukuta.

"Lakini daktari," mpiga picha alinong'ona, "mbona upande huu anang'aa?"

"Nami nashangaa, mzee. Kwani mbwa wako ana ubavu mmoja? Hakuwa na kiburi huyu. Alikuwa anakukataza kumshika panapouma. Mngechelewa kidogo, msingehitaji hata sindano yangu."

Alipona, lakini alirudi nyumbani amenyolewa mwili mzima, kama kuku aliyenyonyolewa. Siku hizi wanandoa wale humchana asubuhi, huyu ubavu huu, yule ubavu ule, wakigombana nani anavuta sana. Manyoya yameota tena, yanang'aa kotekote. Ila kamera ikiinuliwa, Bwana Mkubwa husimama, huwatazama kibosi, kisha hutokea mlango wa nyuma. Wala hakuna anayemvuta.

Funzo

Kiumbe uliyemleta nyumbani kwako hana upande wa ukutani. Ukimtunza pale tu watu wanapotazama, hukumtunza. Na ukibishana juu ya nani ashike chanuo, kidonda hakisubiri mwafaka wenu. Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humfichua. Mnyama kilio chake ni meno. Basi, kabla hujamwita mkaidi, papasa kwanza pale anapokukataza.