Sista Haingii kwa Kujificha

Kila asubuhi cherehani ya Fundi ilianza kulia kabla maji ya chai hayajachemka. Ilikuwa cherehani ya kukanyaga, kuukuu, na kelele zake zilisikika ua mzima. Fundi aliiweka karibu na dirisha ili apate mwanga. Nyuma yake, kitandani, mama yake alikuwa na kazi moja tu: kumkosoa.

“Huo mshono umepinda,” alisema mama.

“Mama, uko kitandani. Umeuonaje?”

“Sijauona. Nimeusikia.”

Mama huyu alikuwa mpishi wa shule kwa miaka thelathini. Aliwaita watoto mia tano kwenye chakula kwa sauti yake tu. Kwa hiyo majirani walimpa jina la Kengele, na jina likamganda. Sasa sauti ilikuwa nzima, lakini mguu ulikuwa mgonjwa. Kisukari kilikuwa kimemletea kidonda chini ya unyayo wa kushoto. Kidole kimoja kilikuwa kimeshakatwa. Daktari hakuwaficha kitu.

“Kidonda hiki kisafishwe na kufungwa upya mara tatu kwa wiki,” alisema. “Mkizembea, mguu utakatwa.”

Kisha likaja janga. Hospitali zikajaa watu wanaokohoa. Wenye kisukari waliambiwa wakae nyumbani, kwa sababu ugonjwa ule ungewaumiza kuliko wengine. Sasa nani angekitazama kidonda?

Alikitazama Sista. Alikuwa muuguzi wa kuwatembelea wagonjwa majumbani. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa tatu asubuhi, alifika na begi lake begani, viatu vimejaa vumbi. Ndugu wa Fundi walituma salamu kwa simu. Marafiki walituma pole. Sista alileta mikono yake. Fundi alimpenda mno, na hakujua amshukuru vipi.

Nyumba ile ilikuwa na vyumba kumi, ua mmoja, bomba moja na geti moja. Ufunguo wa geti alikuwa nao mpangaji waliyemwita Mwenyekiti. Hakuna aliyekumbuka alichaguliwa lini.

Jumatatu moja Mwenyekiti alibandika karatasi getini. Iliandikwa kwa herufi kubwa: WAHUDUMU WA AFYA WASIINGIE. WANATOKA KWA WAGONJWA. Kisha akatia kufuli.

Sista alifika, akasoma, akagonga, hakufunguliwa, akaondoka. Fundi aliposikia, alimwendea Mwenyekiti mbio.

“Mwenyekiti, kidonda cha mama hakikufungwa leo!”

“Sina ugomvi na mama yako,” alijibu Mwenyekiti. Barakoa yake ilining’inia chini ya kidevu. “Lakini kaka yangu alikwenda hospitali kwa miguu yake mwenyewe. Hakurudi. Na mimi nina watoto humu ndani. Huyo Sista ameshika wagonjwa wangapi kabla ya kufika kwetu?”

Fundi alirudi chumbani, akakaa mbele ya cherehani, akashika tama. Mara macho yake yakatua kwenye kitambaa cha maua makubwa. Akakichukua, akakata, akashona.

Hapo ndipo alipokosea. Alikosea kwa nia njema, lakini alikosea. Kesho yake aliliacha gauni la maua kwenye duka la kona, akampigia Sista simu.

“Sista wangu, pitia dukani. Kuna gauni. Livae juu ya sare yako, uje kama mteja. Vifaa vyako vitie kwenye mfuko. Nitaendesha cherehani, hakuna atakayetusikia.”

“Nitakuja,” alisema Sista. “Mguu hausubiri.”

Jumatano mpango ulikwenda vizuri kupita kiasi. Mwenyekiti mwenyewe alimfungulia “mteja” geti, na gauni akalisifu. Fundi alimwingiza Sista chumbani haraka. Akafunga mlango. Akafunga dirisha. Akavuta pazia. Kisha akakaa kwenye cherehani, akaanza kukanyaga, ingawa hapakuwa na nguo chini ya sindano.

“Unashona hewa?” aliuliza Kengele.

“Mama, nyamaza, tafadhali!”

Sista alipiga magoti karibu na kitanda. Alitazama bendeji ya tangu Ijumaa. Alitazama dirisha. Alitazama mikono yake.

“Nanawia wapi?” aliuliza.

Fundi aliacha kukanyaga. Bomba lilikuwa uani, mbele ya macho ya watu wote. Chumbani hapakuwa na hata ndoo.

Sista alisimama. “Fundi, hapa siwezi kufungua kidonda.”

“Kwa nini? Umeshaingia!”

“Nimeingia, ndiyo. Lakini tazama. Dirisha limefungwa, watu watatu tunavuta hewa moja. Ugonjwa huu unapenda chumba kama hiki. Na mikono yangu imeshika geti, imeshika kitasa. Nikigusa kidonda bila kunawa kwa sabuni, nitamtia mama vijidudu vipya. Umenificha mimi, ugonjwa ukauacha huru.”

Machozi yalimlenga Fundi. “Nilitaka kukushukuru, Sista. Wewe ndiye uliyebaki nasi. Sikujua njia nyingine.”

“Najua, dada yangu. Lakini mimi si mwizi. Kazi hii nimeisomea. Ukinipitisha kwa kujificha, hata mimi naanza kujiona mchafu.”

Kengele alijiinua, akatoa mguu wa kulia kitandani.

“Fundi, vuta hilo pazia. Fungua dirisha. Kisha nibebe na kiti changu, unipeleke uani.”

“Mama! Mwenyekiti je?”

“Mwenyekiti?” Kengele alicheka. “Yule nilimlisha akiwa bado hajui kufunga vifungo vya kaptula yake. Nibebe, nimesema. Mguu ni wangu. Sitaupoteza kwa kuona haya.”

Walimbeba pamoja na kiti, Fundi upande mmoja, Sista upande wa pili, mguu mbovu haukugusa chini. Wakamweka kati ya bomba na geti, mahali penye hewa. Kengele akavuta pumzi. Kisha akaitoa ile sauti ya shule.

“JIRANI ZANGU! TOKENI MUONE! TOKENI, LAKINI MSISOGEE!”

Milango yote ilifunguka. Mwenyekiti alitoka mbio, kijiko bado mkononi.

“Kuna nini hapa?”

Sista hakumjibu. Alifungua vifungo vya gauni la maua, kimoja kimoja, akalivua. Chini yake palionekana sare nyeupe. Watu waliguna.

“Mteja!” alisema Mwenyekiti. Kisha akamgeukia Fundi, uso umemwiva. “Umenidanganya!”

Mwenyekiti angeweza kuwaharibia kwa mwenye nyumba. Lakini Fundi alimwona mama yake pale kitini, akapiga moyo konde.

“Ndiyo, nimekudanganya,” alisema. “Kwa uongo wangu nakuomba radhi mbele ya watu. Lakini kwa kumleta Sista siombi radhi! Wakati sisi sote tuliogopa kusogeleana, yeye alikuja. Mama yangu bado ana mguu kwa sababu yake. Ukitaka kumfukuza, anza na mimi.”

“Na mimi ndiye wa pili,” alisema Kengele, “na mimi siondoki upesi. Mnaona mguu wenyewe.”

Mtu mmoja alicheka. Mwenyekiti hakucheka.

“Pole kwa kaka yako,” Sista alimwambia kwa upole. “Uliza unachotaka kuuliza.”

“Unatoka kwa wagonjwa. Ndiyo au siyo?”

“Ndiyo. Hivyo tazama ninachofanya.”

Sista alikwenda bombani. Alipaka sabuni viganja, juu ya mikono, kati ya vidole, chini ya kucha.

“Hesabuni!” aliamuru Kengele. Na watu wazima, kina baba na kina mama, wakahesabu kwa sauti hadi ishirini kama watoto wa darasa la kwanza.

“Nanawa hivi nikiingia kila nyumba, na nikitoka,” alisema Sista. “Glavu za mgonjwa mmoja hazigusi mwingine. Barakoa yangu inafunika pua na mdomo. Nikiwa na homa au kikohozi, sitoki, anakuja mwenzangu. Na nyumba yenye mtu wa homa hunipigia simu kabla sijafika. Simkimbii mgonjwa, ila nataka nijue nivae nini. Ninachoomba kwenu ni maji, sabuni, dirisha wazi na ukweli.”

Alimtazama Mwenyekiti. “Barakoa yako inalinda kidevu, mzee wangu.”

Sasa hata watoto walicheka. Mwenyekiti aliivuta barakoa hadi puani.

Sista alivaa glavu, akaifungua bendeji. Harufu ilitoka. Kicheko kilikatika. Kando ya kidonda ngozi ilikuwa imeanza kuwa nyekundu na kuvimba. Jirani mmoja aliziba macho.

“Kidonda kimekaa siku tano bila kuguswa,” alisema Sista. “Wekundu huu ni dalili mbaya. Ukizidi, au homa ikipanda, mama aende hospitali siku hiyohiyo, janga au si janga.”

Alikisafisha kwa maji ya chumvi ya dawa, polepole. Akakiwekea shashi mpya, akafunga bendeji. Uchafu wote aliutia kwenye mfuko, akaufunga, akautia kwenye mfuko wa pili. Kengele aliuma meno, hakulia. Mwenyekiti alitazama mwanzo hadi mwisho. Kijiko kilikuwa bado mkononi mwake.

Mwishowe alikwenda getini, akaibandua karatasi yake. “Ndoo ya kunawia ikae hapa mlangoni,” alinung’unika. “Kila anayeingia anawe. Na simaanishi Sista peke yake. Hata wateja.”

“Na ufunguo?” aliuliza Kengele.

“Ufunguo gani?”

“Wa geti. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nitakaa nao mimi.” Akanyoosha mkono. Mkono ulibaki hewani, na macho ya watu kumi na tano yalikuwa juu ya Mwenyekiti. Akautoa ufunguo mfukoni, akautupia mapajani mwa mama yule bila kusogea karibu. Hapo alikuwa sahihi.

Siku iliyofuata Fundi alitoa kitambaa chake chenye rangi kali kuliko vyote. Kilikuwa cha njano ambayo mtu angeiona kutoka mwisho wa mtaa. Akashona aproni ndefu, yenye mikono, ya kufunga mgongoni. Hakushona moja. Alimwuliza Sista ana wagonjwa wangapi, akashona moja kwa kila nyumba. Kila familia ingefua ya kwake kwa maji moto na sabuni, na kuianika juani, kisha kuitundika getini Sista aivae kabla ya kuingia. Hivyo aproni ya nyumba moja isingefika nyumba ya pili. Mgongoni alidarizi maneno mawili makubwa: MUUGUZI WETU.

“Fundi, hii inaonekana mno,” alisema Sista alipoijaribu.

“Ndivyo ninavyotaka. Nilikosea kukuficha. Sasa mtaa mzima ukuone ukiingia.”

“Mshono wa kulia umepinda,” ilisema sauti kutoka kitandani.

Wiki zikapita. Fundi alijifunza kuutazama unyayo wa mama yake kila jioni, kukausha kati ya vidole, na kutomruhusu kutembea pekupeku hata hatua tatu. Sukari ya mama ilipimwa na kuandikwa. Kidonda kilikuwa kama kifuniko cha soda. Kikawa kama kifungo cha shati. Katika mwezi wa nne wa matibabu, Sista alifungua bendeji, akatazama, akatazama tena, akacheka. Kidonda kilikuwa kimefunga. Fundi alitaka kumkumbatia, akakumbuka, akabaki amekumbatia mto wa mama yake huku analia.

Jumatatu iliyofuata, saa tatu, hodi ilisikika getini. Kengele alishika fimbo, akavaa viatu vyake vya kufunika vidole, akatoka uani. Alitembea polepole. Majirani walisimama milangoni kumtazama, na Mwenyekiti alisimama kando ya ndoo aliyoijaza mwenyewe.

Mpangaji mpya, aliyehamia juzi tu, aliona aproni ya njano nje ya geti. Akarudi nyuma. “Jamani, mnamfungulia huyo?” alinong’ona. “Si anatoka kwa wagonjwa?”

Kengele alitia ufunguo kwenye kufuli, akaufungua mlango wa geti hadi mwisho. Kisha akageuka, na ile sauti ya shule ikajaa ua.

“NDIYO, ANATOKA KWA WAGONJWA! NDIYO MAANA NIMESIMAMA!”